Randa na Mashine

Sebuleni kwangu, juu ya kabati la vitabu, ipo randa ya chuma yenye mshikio wa mbao ulioliwa na jasho la mikono. Wajukuu zangu waliiita "gari la babu" tangu walipokuwa wakiikokota sakafuni, na wageni wanaofika nyumbani kwa mara ya kwanza huniuliza kama niliwahi kuwa seremala. Huwajibu kwamba nilikuwa mwalimu wa walimu, na kwamba zamani mwalimu wa walimu alitakiwa ajue pia kupiga randa. Hapo mazungumzo huanza, na mara nyingi huishia palepale. Wenye umri wangu husema kazi ya mkono ndiyo kazi, vijana husema sisi ndio tuliochelewesha nchi, na chai hupoa.

Swali lenyewe lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye vikombe vya chai. Je, mtu anayeandaa mbao kwa mkono anapata kitu chochote cha maana ambacho anayeiandaa kwa mashine hakipati? Na kama anakipata, je, tunayo haki ya kumlazimisha mwingine akipate, hali tunajua kwamba kitamgharimu siku tatu badala ya saa mbili? Nimelijibu swali hili hadharani mara nyingi, kwenye mahafali na kwenye semina za walimu, na kila mara nilijibu kwa ufasaha, nikapigiwa makofi. Sasa nina miaka sabini na sita, sina tena mahafali ya kuhutubia, na ninataka kulijibu upya, maana wahenga walisema kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi niliivuta ngoma hiyo kwangu kwa miaka mingi.

Nilijifunza kupiga randa mwaka 1970, nikiwa mwanachuo wa ualimu. Waraka wa Mwalimu Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea ulikuwa umetoka mwaka 1967, na vyuo viliuchukua kwa uzito. Asubuhi tulisoma saikolojia ya mtoto, mchana tulikwenda shambani au karakanani. Mimi nilipelekwa karakanani kwa sababu kifua changu hakikupatana na vumbi la shamba. Aliyeamua hivyo hakujua kwamba vumbi la mninga ni kali kuliko la shamba; nilipiga chafya muhula mzima.

Fundi aliyetufundisha alikuwa mzee wa pwani aliyerithi kazi kwa baba yake, akiwa amekua kati ya magogo ya mvule. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa ubao wa mninga, akaniambia niunyooshe. Nilisukuma randa kwa nguvu zangu zote. Ikakwama, ikaruka, ikang'oa vipande na kuacha mashimo kama uso wa aliyeugua ndui. Mzee akaja, akaugeuza ubao ncha kwa ncha, akasema, "Mbao ina upande inaoukubali na upande inaoukataa. Wewe umebishana nayo." Nikasukuma tena, na maranda yakatoka marefu na mepesi, yakijiviringa juu ya kisu.

Nilidhani nimeujua ukweli wote siku ile, kumbe nilikuwa nimejua nusu. Mninga mara nyingi una nyuzi zinazopishana, tabaka moja zikielekea huku na tabaka la pili zikielekea kule, kiasi kwamba ubao mmoja hukubali hapa na kukataa shibri moja mbele. Hapo ndipo mkono unapofundishwa. Kabla mbao haijang'oka, sauti ya randa hubadilika, chombo hutetemeka kidogo kiganjani, na uzito wake huwa mwingine. Baada ya miezi kadhaa nilianza kuzipata habari hizo bila kuzitafuta. Mkono wangu ulikuwa ukisimama, na baadaye kidogo ndipo mimi mwenyewe nikajua kwamba umesimama.

Mzee alitueleza pia habari ya mawe ya mvule, nasi tukadhani ni ngano za pwani. Si ngano. Mvule hujikusanyia chokaa ndani ya mwili wake, hasa pale ulipojeruhiwa, na chokaa hiyo huganda ikawa jiwe lililofichwa na mbao safi. Kwa macho hulioni. Mwenye randa ya mkono hulisikia kama mkwaruzo, akasimama, akalichimba kwa patasi, akaendelea, na hasara yake ni kunoa kisu upya. Mwenye mashine hupata habari za jiwe visu vikiwa vimekwisha pata mapengo, na kila ubao utakaopita baada ya hapo utachorwa mistari ya mapengo hayo mpaka visu vifunguliwe vyote vikanolewe.

Mifano hii miwili, wa nyuzi na wa jiwe, niliitumia sana katika hotuba. Sikuwahi kuutumia mfano wa tatu, ambao niliujua vilevile: bega la yule mzee. Alipokuwa na miaka hamsini na kitu hakuweza kuinua mkono wa kulia kuvaa shati. Mkewe ndiye aliyemvalisha. Sikumsikia hata siku moja akiisifu randa. Tuliomsifia randa yake ni sisi tuliokaa nayo saa mbili kwa siku, mara tatu kwa wiki, kisha tukaenda kuoga na kusoma vitabu.

Wala sikumtaja mama yangu. Mama alisaga mtama kwa jiwe na kutwanga kwa kinu mpaka mashine ya kusaga ilipoletwa kijiji cha jirani. Tangu siku hiyo alitembea kwa miguu na debe kichwani, akapanga foleni juani, akalipa, akarudi jioni, na aliyafanya hayo yote kwa furaha. Jiwe la kusagia likawa la kuku kunywea maji. Sijakutana bado na mwanamke wa rika lake aliyelililia. Ikiwa kusaga kwa mkono kulimpa mama ujuzi fulani wa nafaka, na nadhani kulimpa, basi aliuona ujuzi huo haulingani na mgongo wake, na mgongo ulikuwa wake, si wangu mimi niliyekuwa nikila ugali.

Hata wale tunaopenda kuwataja tunapotetea kazi ya mkono hawakuwa na msimamo mwepesi tunaowavika. Gandhi, aliyeketi na gurudumu lake la kusokotea nyuzi mpaka likawa alama ya nchi, hakuikataa cherehani ya Singer. Aliihesabu miongoni mwa vitu vichache vyenye manufaa vilivyobuniwa. Mwalimu Nyerere naye hakutaka mkulima abaki na jembe la mkono milele. Alichosisitiza ni plau ya kukokotwa na ng'ombe kwanza kabla ya kurukia trekta ambalo mkulima hawezi kulinunua wala kulitengeneza likiharibika. Wote wawili waliuliza kitu kilekile: chombo hiki kinamtii nani, na kikivunjika nani atakaa gizani?

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao wengi tuliujua kwa kifupi chake, MMEM. Watoto walikuja shuleni kama maji ya mafuriko. Wakati huo nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu katika mikoa ya magharibi, kwenye nchi ya mninga. Shule ya mazoezi iliyokuwa jirani nasi ilikuwa na watoto waliokaa sakafuni, wakiandikia magotini. Nilikwenda siku moja nikaona mtoto wa darasa la pili amelala kifudifudi ili aandike. Nikarudi ofisini nimeamua kwamba karakana yetu itatengeneza madawati mia moja kabla ya muhula kwisha.

Kwa randa za mkono jambo hilo lisingewezekana. Katika karakana yetu, mtu hodari aliyeshinda benchini aliandaa mbao za madawati mawili kwa siku. Lakini miaka michache nyuma wafadhili walikuwa wametupatia mashine ya kupigia randa, nayo iliandaa mbao za madawati hayo mawili kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa na meza mbili za chuma zilizosogeleana, na katikati yake mhimili wenye visu vitatu. Kibati kilichopigiliwa ubavuni kilisema mizunguko 5,000 kwa dakika. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nilipiga hesabu hiyo baadaye, usiku mmoja nilipokosa usingizi. Visu vitatu, mizunguko 5,000, ni mikato 15,000 kwa dakika, yaani 250 kwa sekunde. Mtu akishtuka huhitaji kama robo ya sekunde kabla mkono wake haujaanza kutii. Katika robo hiyo visu vimekwisha pita mara sitini na mbili.

Mwanachuo wa mwaka wa pili, mtoto wa mfugaji, kijana mpole na mwenye mwandiko mzuri ubaoni, alikuwa akipitisha vipande vifupi vya miguu ya madawati. Kipande kimoja kilikuwa na fundo. Visu vilipolikuta, kipande kikaruka, na mkono uliokuwa ukikisukuma ukashuka mahali kilipokuwa. Alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la chuo. Njiani alikuwa akiniomba radhi kwa kuchafua viti.

Wiki ile niliandika taarifa. Ilikuwa na kurasa mbili, imepigwa chapa vizuri, na kwenye kipengele cha chanzo cha ajali niliandika: "Uzembe wa mwanachuo mwenyewe." Kwa sababu ya neno hilo chuo hakikudaiwa kitu, na baba yake aliuza ng'ombe wawili kulipia matibabu. Madawati yalikamilika. Tulipigwa picha.

Baada ya hapo nikajipatia nadharia. Sikuitunga kwa hila. Naamini mtu hutunga nadharia zake nyingi kwa unyofu, akiwa anatafuta mahali pa kulala. Nadharia yangu ilikuwa hii. Tofauti kubwa ya randa na mashine iko kwenye mwendo wa kosa. Mwenye randa hukosea kwa mwendo wa bega lake mwenyewe, na mkono huleta habari kabla kosa halijakamilika. Mwenye mashine hukosea kwa mwendo wa mota, na habari humfikia kosa likiwa limekwisha kuwa historia. Kwa hiyo, nikahitimisha, asikaribie mashine mtu ambaye mkono wake haujasomeshwa na randa. Yule kijana, nilijiambia, aliumia kwa sababu alifika kwenye mashine bila kupita kwenye randa, tulimrusha darasa. Nikaweka utaratibu kwamba kila mwanachuo wa karakana apige randa ya mkono muhula mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa swichi. Mwaka 2006, ukame uliposhusha maji ya mabwawa na umeme ukawa wa mgawo, karakana nyingine zilisimama na yetu ikaendelea, vijana wakipiga randa kama sisi wa zamani. Nilijiona nabii. Nikaisema nadharia hiyo kwenye mahafali ya mwaka ule, na mgeni rasmi aliomba nakala ya hotuba.

Niliposema kwenye hotuba zile kwamba mkono huleta habari, nilikuwa nasema kweli, na hata leo sijaiacha kauli hiyo. Ubaya ulikuwa kwenye kazi niliyoipa ile kweli.

Nilistaafu mwaka 2009. Mwaka 2016, elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bila malipo na Serikali ikataka uhaba wa madawati umalizwe kufikia mwisho wa mwezi Juni, nchi nzima iligeuka karakana. Mwezi Mei mwaka huo nilikuwa Kahama kwenye harusi ya binti wa mdogo wangu. Asubuhi nilitoka kunyoosha miguu, nikapita kando ya karakana iliyopanga madawati mapya mpaka barabarani, mashine zikilia ndani. Mtu mmoja aliyejaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi alitoka, akavua kofia.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Ni nani vile?"

Hakunitajia jina. Alinipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama tulivyofunzwa sote kumwamkia mkubwa, na hapo nikaviona vidole.

Aliniketisha kwenye dawati moja lililokuwa limekwisha pakwa rangi, akaagiza soda. Aliniambia alifundisha miaka sita, akaacha, akafungua karakana. Alikuwa na vijana wanane, mashine mbili za kuranda na msumeno wa meza, wote ni wake, umelipiwa. Sikuona dalili ya kinyongo usoni mwake, nami nikafarijika mno. Wahenga walituonya: mwenye kovu usidhani kapoa. Katika faraja ile nikaanza kumpa nadharia yangu. Nilimweleza habari ya mwendo wa kosa, nikamweleza mikato sitini na miwili, nikamweleza kwamba ajali yake ndiyo iliyonifumbua macho, na kwamba baada yake hakuna mwanachuo aliyegusa mashine bila kupita kwenye randa. Nilimpa kama mtu anayetoa zawadi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Ni maneno mazuri, Mkuu. Ila mimi randa nilikuwa naijua. Baba yangu mdogo alikuwa seremala. Nimepiga randa tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Ndiyo maana mwalimu wa karakana alinipa mimi vile vipande vigumu."

Sikuwa nimewahi kumuuliza. Katika kurasa mbili za taarifa na miaka kumi na minne ya hotuba, sikuwa nimemuuliza swali ambalo angenijibu kwa sentensi moja.

"Basi nini?" nikasema.

Alitazama soda yake. "Kifuniko, Mkuu. Kifuniko cha visu hakikuwapo. Mwalimu wa karakana alituambia alikuletea ofisini."

Msomaji makini ameona kwamba nilipoisimulia ajali sikukitaja kifuniko. Sikuwa nimekisahau. Mashine ya namna ile huwa na kifuniko kinachofunika visu na kusogezwa na ubao unapopita, kisha springi hukirudisha mahali pake mara ubao unapokwisha. Kama wiki tatu kabla ya ajali springi ilikatika, na kifuniko kikawa kinabaki wazi au kinakwama mbele ya ubao. Mwalimu wa karakana alikuja ofisini amekishika mkononi, akaomba kazi isimame mpaka springi nyingine ipatikane Mwanza. Nilikuwa na jedwali la madawati mezani. Nilimwambia, "Endeleeni kwa uangalifu. Hicho tutakishughulikia likizo." Akakiacha juu ya kabati la mafaili, kikakaa pale. Mwalimu yule amekwisha fariki, Mungu amrehemu, na hakuwahi kunikumbusha. Aliwaambia wanafunzi wake, hakuniambia mimi, na nadhani alijua kwa nini.

Nimeitafakari sana asubuhi ile ya Kahama, na imenibidi nilirudie swali la randa na mashine tangu mwanzo. Ni kweli kwamba randa ya mkono humpa anayeitumia habari za hatari kwa wakati. Ni kweli pia kwamba mashine humnyang'anya habari hizo, hata akiwa stadi kama yule kijana. Ustadi wake wa mkono haungemsaidia. Hakuna mkono unaoshinda robo ya sekunde. Basi kama mtumiaji hawezi tena kuisikia hatari, kusikia kwake kumekwenda wapi? Kumehamia kwa watu wengine. Kumehamia kwa aliyebuni kifuniko, kwa aliyeweka sheria ya kutopitisha kipande kifupi, kwa mwenye funguo za karakana, na kwa mkuu wa chuo aliyeketi umbali wa hatua mia mbili akisoma jedwali. Anayempa mtu mwingine mashine amejitwisha kuisikia hatari kwa niaba yake, kabla ya siku yenyewe, akiwa hana mtetemo wowote kiganjani wa kumwonya. Ile springi iliyokatika ndiyo iliyokuwa mtetemo wangu. Ililetwa mpaka mezani, nami sikusimama.

Nilichokuwa nikifanya kwenye hotuba, kwa hiyo, kilikuwa kuurudisha mzigo kwa mwanafunzi. Nilisema "uzembe" kwenye taarifa, kisha miaka yote iliyofuata nikasema jambo lilelile kwa lugha ya busara: hakuwa ameandaliwa, hakuwa amepita kwenye randa. Sifa za kazi ya mkono, ambazo ni za kweli, zilinisaidia nisiitazame kazi yangu mimi, ambayo ilikuwa ya ofisini na haikuwa na chombo chochote zaidi ya kalamu.

Nilimuuliza kama yeye huwaanzisha vijana wake kwa randa. Alicheka. "Kijana anakuja hapa, baba yake ameuza mbuzi kumlipia nauli. Nikimpa randa miezi sita atakula nini? Wiki ya kwanza anafagia na kutazama. Wiki ya pili anafungua mashine yote, anaitaja kila sehemu, anaifunga. Ndipo anawasha." Randa za mkono alikuwa nazo mbili, zimenolewa vizuri, kwa kumalizia na kwa mbao za mvule. Nilichukua moja, nikaipitisha kwenye kipande cha mninga kilichokuwa benchini. Mkono ulikuwa bado unajua. Sitadanganya kwamba sikuona raha. Niliona raha kubwa, na kwa mara ya kwanza sikuitafutia falsafa.

Kesho yake, kabla ya basi, nilirudi pale na karatasi niliyoandika usiku nyumbani kwa mdogo wangu, wakati wengine wakicheza ngoma. Ilikuwa na aya tatu, kwa mkono, yenye tarehe na sahihi. Nilieleza kwamba mimi niliyekuwa mkuu wa chuo niliarifiwa kuhusu kifuniko, kwamba niliagiza kazi iendelee, na kwamba neno uzembe katika taarifa ya mwaka 2002 halikuwa la kweli. Niliweka pia ndani ya bahasha fedha, si thamani ya ng'ombe wawili, maana pensheni ni pensheni, ilikaribia mmoja. Nakala ya barua niliituma chuoni iwekwe kwenye faili. Mkuu aliyekuwapo alinijibu kwa heshima kwamba faili za miaka ile zilikwisha hamishwa na atazitafuta.

Kijana, ingawa si kijana tena, aliisoma karatasi amesimama, midomo ikimcheza kidogo kama mtoto anayesoma kimoyomoyo. Alipomaliza aliikunja mara mbili, akaiweka kwenye droo ya benchi pamoja na penseli na futi kamba. Fedha alizihesabu, akazirudisha ndani ya bahasha. Akasema atampelekea mzee wake, yu hai, yuko Nzega, na atamwambia zimetoka kwa nani. Nikamwambia anisalimie. Akasema, "Nitamsalimia, Mkuu, lakini mzee ni mkali," tukacheka wote wawili, mimi kwa kuchelewa kidogo.

Gari la halmashauri lilikuwa limekwisha fika kupakia, na dereva alikuwa akipiga honi. Bado kulikuwa na mbao za madawati sita. Aliniomba nisogee nyuma ya mstari wa rangi uliochorwa sakafuni, akakisukuma kifuniko kwa kiganja cha mkono wa kushoto, akakiachia, akakitazama mpaka kikarudi mahali pake, ndipo akabonyeza swichi.